Sanduku Lililokufa na Amana Iliyo Ndani Yake

Maadamu taa zake zinawaka, sanduku la hifadhi ya mtandao halina mtu wa kulitazama. Huwekwa juu ya kabati au chini ya meza, likaunganishwa kwa waya mmoja wa mtandao na mwingine wa umeme, na tangu siku hiyo kila mtu wa ofisi au wa nyumba hiyo huliwekea amana yake pasipo hata kulijua umbo lake: mpiga picha huweka harusi za miaka kumi, wakili huweka hati za wateja wake, zahanati huweka majalada ya wagonjwa, na familia huweka sauti ya marehemu babu aliyerekodiwa akisimulia safari zake za Lamu na Maskati. Kisha asubuhi moja taa haziwaki, au huwaka moja nyekundu mahali pa nne za kijani, na kompyuta zote husema kwamba mafaili hayafikiki. Na hapo ndipo wenyewe wanapogundua, wote kwa pamoja na kwa makelele, kwamba kila walicho nacho kilikuwa mle.

Rai ya sura hii ni kwamba mauti ya sanduku si mauti ya amana, na kwamba aghalabu kinachoukamilisha msiba ni pupa ya waokoaji katika saa za mwanzo, pindi ambapo kila mmoja ana shauri lake na hakuna aliyeuliza swali la kwanza kabisa, yaani ni kipi hasa kilichokufa. Kwani sanduku hili, ukilifungua, si kitu kimoja. Ndani yake mna kompyuta ndogo yenye bodi na kichakataji. Mna diski mbili, nne, au nane, zilizochomekwa kila moja katika nafasi yake. Nje pana adapta inayogeuza umeme wa ukutani kuwa volti 12. Na fauka ya hayo, katika sumaku ya diski zenyewe, mna mpangilio usioonekana kwa macho, ambao ndio unaojua kwamba kipande hiki cha picha kiko katika diski ya pili na kile kiko katika ya nne. Adapta ikifa, amana ni salama. Bodi ikifa, amana kwa kawaida ni salama vilevile. Diski moja ikifa, na sanduku liliandaliwa sawasawa, amana ingali salama, ingawa sasa haina kinga tena. Mpangilio ukivurugwa, hapo mambo huwa mazito. Na mpangilio, ukiacha hitilafu chache za programu, huvurugwa na binadamu.

Linalotakiwa kufanywa kwanza ni dogo hata watu hulidharau. Sanduku lizimwe, waya wa umeme ung'olewe, na kabla diski yoyote haijatolewa mahali pake iandikwe kwa kalamu ya wino mzito namba ya nafasi yake, kuanzia kushoto kwenda kulia, kisha zote zipigwe picha kwa simu pamoja na namba zao za kiwandani. Kazi hii haichukui hata robo saa. Asiyeifanya ataziona baadaye diski nne zilizo sawa kabisa zimelala juu ya meza, na atakapoulizwa ni ipi iliyokuwa na taa nyekundu atajibu kwa kukisia. Na kisio hilo likimfanya fundi aiweke kando diski nzima akaibakiza iliyo mbovu, basi hasara iliyokuwa ya diski moja imekwisha kuwa ya diski mbili, na hesabu ya kuzifufua data, ambayo tutaieleza punde, haitaki tena.

Mtego mkubwa zaidi umejificha katika ukarimu wa mashine mpya. Mwenye mali hukimbilia dukani akanunua sanduku jingine, akahamishia diski zake humo, akaliwasha. Nalo sanduku hilo, ikiwa haliwezi kuusoma mpangilio lilioukuta, humwandikia kwenye kioo kwa adabu kamili kwamba diski hizi hazijaandaliwa, na kumuuliza kama angependa ziandaliwe sasa. Akibonyeza kukubali, mpangilio mpya huandikwa juu ya ule wa zamani kwa dakika chache, na kazi ambayo fundi angeimaliza kwa jioni moja hugeuka kuwa kazi ya kuokota vipande. Kaida ya mafundi wazuri, kwa hiyo, ni kutoandika chochote juu ya diski za asili, hata alama moja, mpaka yaliyomo yamekwisha kunakiliwa kwingine. Kaida hii ni nyepesi kuisema lakini ni nzito kuitimiza, kwa sababu wakati huo mwenye mali huwa amesimama nyuma ya fundi, anamhemea shingoni.

"Fundi, zimepatikana?"

"Bado, mzee. Naomba subira."

"Lakini hapo imeandika ibonyezwe sawa."

"Ndiyo, mzee. Ndiyo maana sijabonyeza."

Tuanze na mauti iliyo nyepesi, ambayo kwetu huku pwani, kwa umeme wetu ulivyo, ni ya kwanza kushukiwa. Wakazi wa Unguja wanakumbuka jinsi kisiwa kilivyokaa gizani kwa takriban mwezi mmoja mwaka 2008, na tena kwa miezi mitatu, tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, baada ya kuharibika kwa njia ya umeme inayotoka bara na kupita chini ya bahari. Na kila mwenye ofisi siku hizo alijifunza jinsi jenereta ndogo inavyopandisha na kushusha umeme apendavyo shetani wake. Sanduku halikatai umeme wa namna hiyo papo hapo. Inayoupokea kwanza ni adapta, na adapta hulipa kwa kapasita zake, zile silinda ndogo zenye kofia ya bati, ambazo hukauka, zikavimba utosi, na mwisho huvuja. Adapta ya namna hiyo hudanganya. Fundi akiipima kwa mita ikiwa haina mzigo, mita humwonyesha volti 12 kamili, naye hutangaza kwamba ni nzima; ilhali diski kubwa ya kawaida huweza kuvuta ampea 2 hivi inapoanza kuzunguka, na diski nne zikianza kwa pamoja huitaka adapta itoe ampea 8, na hapo ndipo volti huporomoka, diski hujaribu kuamka, hushindwa, hujaribu tena, nazo hutoa mlio wa kugonga ambao mwenyewe huusikia akaamini kwamba diski zote nne zimekufa kwa pamoja. Diski nne hazifi kwa pamoja. Zikionekana kufa kwa pamoja, tafuta kitu kimoja kinachozilisha zote. Adapta mpya yenye volti zile zile, ampea zisizopungua, na upande wa chanya na hasi uliolingana, huweza kuumaliza msiba kwa bei ya chakula cha mchana, na fundi mwaminifu hujulikana kwa kuijaribu hii kabla ya kutaja bei ya kitu kingine chochote.

Bodi nayo ina visa vyake, na kimoja kinastahili kusimuliwa kwa kuwa kiliua masanduku yasiyo na kosa lolote. Kuanzia mwaka 2013 kampuni ya Intel iliuza vichakataji vya familia ya Atom C2000, ambavyo kwa kutumia umeme kidogo vilifaa sana kwa kazi hii, na watengenezaji wengi wa masanduku ya hifadhi na wa vifaa vya mitandao wakavitumia. Mapema mwaka 2017 ilibainika kwamba saa ya ndani ya kichakataji, ile inayopiga mapigo ambayo kwayo bodi husoma programu yake ya kuamkia, huchakaa kadiri inavyotumika, na siku moja husita. Na kwa kuwa sanduku linalofanya kazi mfululizo halihitaji kusoma programu ya kuamkia kila saa, mengi yalikufa wakati wa kuzimwa na kuwashwa tena, yaani hasa pale mwenyewe alipoyafanyia hisani ya kuyafuta vumbi. Marekebisho yalikuja kwa toleo jipya la kichakataji. Lakini mafundi wa mitaani, ambao hawakungoja barua ya kiwanda, waligundua kwamba resista moja ya ohmu 100 hivi, ikilehemiwa mahali pake kwenye njia ya ile saa, humrudishia maiti uhai, angalau kwa muda wa kutosha kumaliza kunakili. Fundi wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue mwenye mkono mtulivu na ncha nyembamba ya kulehemu huweza kulifanya hilo, mradi diski ziwe zimetolewa kwanza. Na ijapokuwa watu wa viwandani hukunja nyuso wakisikia habari hizi, mimi siwezi kuudharau ustadi unaofufua sanduku la thamani kwa kitu cha senti chache.

Hata hivyo, ufufuo wa bodi si lazima. Masanduku mengi ya aina hii, ya Synology na ya QNAP yakiwamo, huendeshwa kwa Linux, na mpangilio wa diski zao kwa sehemu kubwa ni ule ule ambao Linux ya kompyuta yoyote huuelewa. Kila diski imebeba, mahali maalumu katika sumaku yake, waraka mdogo unaosema ni ya kundi gani, ni ya ngapi katika kundi, na ilipatana na wenzake mara ya mwisho lini. Kwa hiyo diski hutolewa katika sanduku lililokufa, zikaunganishwa kwa waya na kompyuta ya kawaida ya mezani yenye nafasi za kutosha, kompyuta hiyo ikaamshwa kwa Linux iliyomo katika flashi bila ya kugusa diski yake yenyewe, na programu iitwayo mdadm ikaagizwa kuzisoma zile nyaraka ndogo na kuzikusanya diski ziwe kitu kimoja. Ikifaulu, huonekana kwenye kioo mstari mfupi ambao kwa mgeni ni takataka na kwa fundi ni habari kamili: [4/3] [UU_U]. Maana yake kundi hili ni la diski nne, zilizopo ni tatu, ya kwanza, ya pili na ya nne zimeitika, na ya tatu haikuitika. Hapo fundi hushusha pumzi. Huifungua hifadhi kwa idhini ya kusoma tu, bila ya kuandika, na huanza kunakili kwenda katika diski nyingine mpya, akitanguliza vile ambavyo mwenye mali alisema hawezi kuishi bila kuwa navyo, na kuziacha filamu za Kihindi mwisho kabisa. Wapo watengenezaji walioichezea Linux yao kiasi kwamba ile ya kawaida haiwezi kuisoma barabara, na zipo hifadhi zilizofungwa kwa ufunguo wa siri. Katika hali ya kwanza dawa ni sanduku jingine la mtengenezaji yule yule, jipya au lililotumika, na katika hali ya pili dawa ni ule ufunguo, nao ukipotea hakuna fundi duniani atakayeusaidia upotevu huo, na anayesema ataweza anatafuta nauli.

Jinsi diski tatu zinavyoweza kusema yaliyokuwa ndani ya ya nne ni jambo linalostahili kuelezwa kinaganaga, kwa kuwa asiyelielewa hulitegemea kupita kiasi. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa makala yenye hoja kwamba diski nyingi ndogo za bei nafuu, zikiunganishwa kwa werevu, zingeweza kushindana na diski moja kubwa ya gharama ya kompyuta za mashirika. Na kwa kuwa diski nyingi maana yake ni vifo vingi, walieleza njia za kuzifanya ziweze kumpoteza mmoja wao bila ya kupoteza habari. Njia hizo ndizo zinazoitwa RAID hata leo. Iliyo mashuhuri hutumia pariti, nayo ni hesabu ya mtoto wa shule. Tuseme diski ya kwanza imeandikwa 1011 na ya pili 0110. Chukua tarakimu mbili zinazokabiliana, zikiwa sawa andika 0, zikitofautiana andika 1. Utapata 1101, nayo huandikwa katika diski ya tatu. Sasa itupe baharini diski ya pili. Imebaki 1011 na 1101. Fanya hesabu ile ile, na jawabu ni 0110, yaani yale yale yaliyotupwa, bila ya kupungua nukta. Diski ziwe tatu au nane, siri haibadiliki. Wala hakuna mazingaombwe mengine ndani yake, na ndiyo sababu haiwezi kustahimili kupoteza mbili: mlinganyo mmoja hauwezi kutafuta vitu viwili visivyojulikana. Anayetaka kustahimili vifo viwili sharti atumie mpango wenye pariti mbili, na alipe kwa diski moja zaidi.

Hapa ndipo panapozaliwa balaa la pili. Diski ya tatu imekufa, mwenyewe amenunua nyingine, ameichomeka, na sanduku limeanza kazi ya kuijaza kwa ile hesabu. Ili kuijaza, hulazimika kuzisoma diski zilizobaki kuanzia mwanzo hadi mwisho bila ya kuruka sehemu hata moja. Diski zenyewe zilinunuliwa siku moja, duka moja, pengine zilitoka katika kreti moja, zimekaa katika joto moja na kuvuta vumbi moja. Na sasa, katika uzee wao, zinaagizwa kufanya kazi ambayo hazijawahi kuifanya hata katika ujana wao, kwa saa nane, kumi, au siku nzima na zaidi kwa zilizo kubwa. Ni sawa na kumtwika mgonjwa jeneza la jirani yake. Watengenezaji wa diski nyingi za nyumbani huandika katika karatasi zao kwamba kosa la kusoma lisilotibika linaweza kutokea si zaidi ya mara moja katika kila biti 10 zilizopandishwa kipeo cha 14, ambazo ni terabaiti 12.5, na sanduku la diski nne za terabaiti 4 kila moja, ikifa moja, hulazimika kusoma terabaiti 12. Wako waliofanya hesabu hii wakatangaza kwamba mpango wa pariti moja umekufa. Mimi siafikiani nao kabisa, kwa sababu namba hiyo ya kiwandani ni dhamana ya chini na diski nyingi hufanya vizuri kuliko inavyoahidi. Lakini nakubaliana nao katika hili, kwamba mwenye mali asiye na nakala nyingine asianze kuijenga upya diski ya tatu kabla hajanakili kwanza yaliyo muhimu kutoka katika zile zilizobaki. Kunakili majalada ya zahanati huzisoma diski kwa sehemu tu, na huanza na kilicho cha thamani. Kujenga upya husoma kila kitu, pamoja na uwazi mtupu katika masanduku mengi, na hakujui kilicho cha thamani.

Diski yenyewe ikiwa ndiyo mgonjwa, dalili zake husomeka kabla ya kifo kwa anayejali kuzisoma. Kila diski ina daftari lake la afya, na katika daftari hilo mistari miwili hustahili macho: wa 5, unaohesabu sehemu zilizokwisha kutupwa na kuwekewa badala, na wa 197, unaohesabu sehemu ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado inazihangaikia. Diski yenye namba ndogo isiyopanda huweza kuendelea kufanya kazi kwa muda mrefu. Namba inayopanda juma hadi juma ni taarifa ya msiba. Diski ya namna hii haifai kuwekwa katika kundi na kuombewa. Hunakiliwa yote, biti kwa biti, kwenda katika diski nzima, na kazi zote za baadaye hufanywa juu ya nakala. Programu bora niijuayo kwa kazi hii ni GNU ddrescue, ambayo Antonio Diaz Diaz aliianza mwaka 2004, nayo imeandikwa na mtu aliyeelewa tabia ya wagonjwa: hupita kwanza haraka ikichukua vyote vinavyotoka kwa urahisi, huruka palipo na ubishi, huandika katika faili lake la ramani kila ilipopita na kila iliporuka, kisha hurejea kidogo kidogo kwenye maeneo magumu, kutoka mbele na kutoka nyuma, ili kama diski itakata roho katikati ya kazi, iwe imekwisha kutoa kilicho kingi. Umeme ukikatika, kazi huendelea pale ramani ilipoishia. Mtu anayejaribu kunakili diski kama hiyo kwa kuburuta mafaili kwa kipanya huilazimisha kurudia mara mia mahali pale pale palipovunjika, na mara nyingi huimaliza yeye mwenyewe.

Iwapo diski inagonga kwa mdundo, tak, tak, tak, ilhali adapta ni nzima, basi programu haina kazi tena. Vichwa vya kusomea huelea juu ya sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, kwa umbali wa nanomita chache, wakati unywele wa binadamu una unene wa nanomita makumi ya maelfu. Kichwa kilichopinda hukwaruza sumaku, na sumaku iliyokwaruzwa ndiyo harusi yenyewe, ndiyo hati yenyewe, inayogeuka kuwa vumbi. Kila mara diski hiyo inapowashwa kwa jaribio moja zaidi, vumbi huongezeka. Mitaani ziko hekaya za kuiweka diski katika friji usiku kucha. Katika hewa yetu yenye unyevu, diski iliyotoka kwenye baridi hukusanya maji, na matone juu ya sahani ni mauti kamili. Iko pia hekaya ya kununua diski ya aina ile ile na kuhamisha bodi yake ya kijani. Hii ilifaa zamani, lakini katika diski za leo kila bodi hubeba katika chipu yake ndogo vipimo vya vichwa vya diski ile ile pekee, hivyo bila ya kuihamisha chipu hiyo kwa kulehemu, bodi ya kuazima haiijui nyumba iliyoingia. Diski inayogonga hupelekwa kwa maabara yenye chumba kisicho na vumbi, au huwekwa katika sanduku lake mpaka fedha zipatikane, haiozi. Na kabla ya kuikabidhi, mwenye zahanati au mwenye ofisi ya uwakili akumbuke kwamba anakabidhi siri za watu wengine, na apatane kwa maandishi juu ya nani ataziona na nini kitafanywa na nakala.

Kununua badala nako kuna adabu yake, ingawa si ndefu. Diski mpya isiwe ndogo kuliko iliyokufa hata kwa sehemu chache, maana diski mbili zinazoitwa za terabaiti 4 zaweza kupishana kidogo, na kundi likiikataa iliyopungua halina msamaha. Aina ya uandishi wa sumaku iulizwe pia: katika Aprili 2020 ilijulikana kwamba baadhi ya diski za Western Digital zilizouzwa chini ya jina la Red, mahsusi kwa masanduku haya, zilitumia mtindo wa kupandanisha njia za kuandikia, mtindo unaoongeza nafasi lakini unaoifanya kazi ya kujenga upya iwe ya kukokota, hata baadhi ya mifumo ikaziona kuwa zimekufa ikazitoa kundini. Tangu hapo kampuni hutangaza wazi zaidi, na mnunuzi makini hulisoma tangazo. Zaidi ya hapo, diski za kundi moja zisinunuliwe zote katika kreti moja, na stabilaiza au UPS inunuliwe siku ile ile ya kununua sanduku, kwa kuwa bei yake ni ndogo ukiilinganisha na usiku mmoja wa kumngojea fundi.

Yote haya, hata yakifanikiwa, hayaondoi hitaji la bekapu, na kuna watu wengi, wasomi wakiwamo, wanaoamini kwamba sanduku la diski nne ni bekapu. Pariti hulinda dhidi ya kufa kwa diski. Mwizi akilibeba sanduku, moto ukilichoma, programu ya wahalifu ikiyafunga mafaili kwa fumbo na kudai fidia, au mkono wa halali ukifuta jalada lisilo lake, pariti huuhifadhi uharibifu huo kwa uaminifu ule ule. Desemba 2021, katika Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kompyuta kuu ilipoteza terabaiti 77 hivi za kazi za utafiti, mafaili milioni 34 hivi, na vikundi 14 vya watafiti viliguswa, kwa sababu programu ya kufanya bekapu, iliyosahihishwa ilhali ile ya zamani ikiendelea kufanya kazi, ilifuta kile ilichoajiriwa kukilinda. Na Januari 31, 2017, katika kampuni ya GitLab, mhandisi aliyechoka alifuta hifadhi ya seva isiyo yenyewe, na walipogeukia njia zao tano za kuhifadhi nakala hawakuona hata moja iliyokuwa ikifanya kazi barabara. Kilichowaokoa ni nakala ya saa sita nyuma iliyokuwa imechukuliwa kwa kazi nyingine kabisa. Kampuni ilieleza mambo hayo hadharani, hatua kwa hatua, kitendo ambacho ni wachache wangekithubutu.

Peter Krogh, mpiga picha wa Marekani, ndiye aliyeeneza kanuni ya nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Na kwa kuwa ilitoka kwa mtu anayeishi kwa picha zake, ina harufu ya kazi ndani yake. Shida yetu iko katika hiyo ya tatu. Washauri husema ipelekwe kwa intaneti kwenye seva za mbali, na kwa mwenye barua na hati hilo ni shauri jema. Lakini mpiga picha mwenye terabaiti 4, na intaneti inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde usiku na mchana bila ya kupumzika, atahitaji siku 37 kuzifikisha, na atahitaji siku kama hizo kuzirudisha atakapopata msiba. Na Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika kwa pamoja, sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilikaa siku kadhaa na intaneti ya kudondoka. Kwa mtu huyo diski mbili za kubebeka, zinazopishana kila mwezi kati ya studio yake Dar es Salaam na nyumba ya dada yake Morogoro, ni njia ya haraka na ya bei nafuu zaidi, na basi la asubuhi halidai nywila.

Likabakia suala la kurudisha. Data zilizookolewa zikishaingia katika sanduku jipya, watu hutazama majina ya mafaili, wakayaona yote yamepangika, wakamlipa fundi na kumshukuru. Majina si ushahidi. Picha yenye jina kamili yaweza kuwa na nusu ya chini ya kijivu, na jalada la wagonjwa laweza kuwa na ukubwa wa kawaida na ndani yake mna sifuri tupu, hasa pale ddrescue ilipoacha matundu ambayo haikuweza kuyaziba. Yafunguliwe mafaili ya kila mwaka na ya kila aina, na ramani ya sehemu zilizoshindikana ilinganishwe na mafaili yaliyokuwa juu yake ili ijulikane kwa yakini ni yapi yaliyojeruhiwa. Kazi hii mwenye mali aifanye mwenyewe, kwa kuwa fundi hajui bibi harusi yupi hayumo. Diski za asili zisifutwe wala zisiuzwe mpaka hayo yamekwisha na bekapu mpya imekamilika walau mara moja. Baada ya hapo zilizo nzima zaweza kupewa kazi ya bekapu, na iliyokufa itobolewe sahani zake kwa drili kabla ya kupakiwa katika mkokoteni wa vyuma chakavu.